Dumu la Maji ya Kijani Chini ya Benchi

MAELEZO YA SHAHIDI
Yameandikwa Kituo cha Polisi Challuma, Jumatano tarehe 13 Julai 2011, kuanzia saa 3:10 asubuhi.

Jina: Fortunata Huayllani, mjane wa Lupa
Umri: Miaka 71, au 72. Shahidi anasema padri alichelewa kufika kumbatiza.
Kazi: Mkulima wa kinoa, mfugaji wa lama, mfumaji
Makazi: Challuma ya Juu, nyumba ya mwisho kabla ya zizi
Mlalamikaji: Wilfredo Lupa Huayllani, miaka 44, dereva, mwana wa shahidi
Mlalamikiwa: Crisólogo Yucra Rocha, miaka 38, fundi magari, yuko mahabusu tangu tarehe 11 Julai

Mimi ndiye niliyetajwa hapo juu. Sikuitwa na mtu. Nimekuja kwa miguu yangu, na dumu nimelibeba mwenyewe mgongoni kwa shuka. Wilfredo alitaka kunipokea njiani nikamkatalia. Sasa amekaa nje kwenye benchi, anadhani nimekuja kumsaidia.

Nimekuja kwa sababu ya fundi Crisólogo. Mwanangu amesema fundi huyu alimfungia silinda hedi iliyokwisha kupasuka, ikazibwa kwa kuchomelewa, akamwambia ni mpya. Gari likafia katikati ya uwanda wa chumvi, abiria wakatembea kwenye upepo wa barafu, na mwalimu Basilia Tococari amekatwa vidole viwili vya mguu wa kushoto vilivyokufa kwa baridi. Nimeambiwa kesho fundi anapelekwa mjini kwa hakimu. Sawa. Lakini kazi aliyofanya niliiona tangu bolti ya kwanza mpaka ya mwisho, na aliyoyafanya nitayasema.

Afande, andika ninavyosema. Usinipambie.

Gari ni la dizeli, la magurudumu manne yote kuvuta, la mwaka 1987. Alilinunua marehemu mume wangu. Ndilo gari pekee la Challuma ya Juu. Mwenye uchungu wa kuzaa anapanda hilo, nafaka yetu ya kinoa inashuka na hilo.

Kwetu baridi ya Juni na Julai inapasua mawe. Kwa hiyo kila jioni gari likisharudi, tunafungua koki ya chini ya rejeta na ile ya ubavuni mwa injini, maji yote yanatoka, tunayaweka kwenye dumu ndani ya nyumba. Asubuhi tunayapasha moto jikoni na kuyarudisha. Ukiyaacha ndani usiku, yanaganda, yanavimba, chuma kinapasuka. Kazi hiyo nimeifanya miaka ishirini na nne. Mume wangu alikuwa akiendesha, mimi namwaga maji.

Usiku wa Mtakatifu Yohana, tarehe 23 Juni, mimi nilikuwa kwa dada yangu. Wilfredo alitoka kwenye moto wa sikukuu amelewa akalala bila kumwaga maji. Asubuhi gari likawaka, likatoa moshi mweupe, rejeta ikatokota mapovu kama sufuria, na kijiti cha oili kikatoka na kitu cheupe kama maziwa. Silinda hedi, lile pande la chuma linalofunika injini kwa juu, lilikuwa limepasuka.

Nilimwita mvivu. Nilimwita mlevi, mbele ya majirani, kwenye foleni ya maji. Nilisema, "Baba yako hakupasua hata kikombe." Naomba hilo liandikwe, kwa sababu linahusika.

Fundi Crisólogo alifika Jumatatu tarehe 4 Julai, saa 2:00 asubuhi. Ni mtu wa mabondeni, wa nchi ya mahindi, ameoa huku. Mimi sikumtaka. Mtu anayevaa kofia mbili za sufu mchana kweupe atajua nini habari za baridi yetu? Niliweka kigoda changu uani, mita mbili kutoka kwenye gari, nikaketi.

Akaniuliza, "Mama Fortunata, umekuja kunilinda au kunihesabia?"

Nikamwambia, "Nimekuja kukuhesabia. Watu wa mahindi mna mikono mirefu."

Akacheka. "Basi hesabu vizuri, nisije nikasahau moja."

Nilichukua punje za mahindi makavu mfuko wa kulia. Kila bolti ya hedi iliyotoka, punje moja nikahamishia mfuko wa kushoto. Zilikuwa kumi na nane.

Hedi ya zamani waliinyanyua yeye na Wilfredo, wakaiweka juu ya turubai. Aliisugua mpaka ikang'aa, akaipaka mafuta ya taa, akaifuta ikakauka, kisha akaipaka chaki nyeupe kote. Tukangoja. Baada ya muda mfupi mstari mweusi ukajichora wenyewe kwenye chaki, kati ya valvu mbili za silinda ya tatu, mwembamba kama uzi. Mafuta ya taa yalikuwa yamejificha ndani ya ufa, yakatoka. Wilfredo aliutazama mstari ule, akanitazama mimi, akaenda kusimama zizini.

Hedi mpya ilifika kwa basi kutoka Oruro Jumanne tarehe 5 Julai saa 8:30 mchana. Ilikuwa ndani ya sanduku la mbao, misumari yote mahali pake. Niliipitia misumari yote kwa kidole kabla sijaruhusu sanduku lifunguliwe. Ndani kulikuwa na karatasi ya mafuta na grisi. Fundi akaifuta, akataka kuiweka pembeni.

Nikasema, "Na hii ipake chaki."

"Mama, hii ni mpya."

"Hata mimi nilikuwa mpya. Ipake."

Wilfredo akasema, "Mama, mwache mtu afanye kazi."

Nikamwambia yeye akaangalie lama. Fundi akaguna, lakini akapaka mafuta ya taa, akafuta, akapaka chaki. Tulingoja saa nzima. Nilitafuna majani yangu ya koka mpaka yakaisha ladha. Chaki ilibaki nyeupe. Niliinama nikaiangalia mwenyewe, upande wa chini wote. Haikuwa na mstari. Haikuwa na alama ya kuchomelewa. Wilfredo wakati huo alikuwa zizini nilikomtuma, kwa hiyo hakuona, na kwa kuwa hakuona amesema aliyoyasema.

Jumatano tarehe 6 Julai, kabla hedi haijafungwa, nilimwaga pombe kidogo ardhini kwa ajili ya Mama Ardhi, kila pembe ya gari. Fundi naye alimwaga, bila kuambiwa. Kisha akakwangua uso wa injini kwa wembe, akaweka gasketi mpya, wakaishusha hedi taratibu kama watu wanaomlaza mgonjwa. Alikaza bolti akianzia katikati kwenda nje, kwa spana ile inayopima nguvu ya mkono. Alizunguka mara tatu. Punje zangu kumi na nane zilihama mfuko hadi mfuko, mara tatu.

Saa 10:00 alasiri alijaza rejeta. Hakutia maji ya kisima. Alitia maji ya kijani, ya dawa, yenye harufu ya utamu. Injini ikawaka, ikanguruma vizuri, hapakuwa na mapovu wala moshi. Walilizungusha gari mpaka kanisani na kurudi.

Halafu alituita sote wawili. Alisema, "Haya maji hayagandi, hata kwenye baridi yenu. Kuanzia leo msimwage jioni. Koki hizi zisahauni."

Wilfredo akasema, "Nimesikia, fundi. Heri nipumzike na hiyo kazi."

Fundi akanigeukia mimi. "Mama Fortunata, umesikia? Usiiguse koki."

Nikamwambia, "Nilianza kumwaga maji ya gari hili wewe ukiwa bado unakojoa kitandani."

Akacheka. Nilisikia, afande. Masikio yangu ni mazima. Andika kwamba nilisikia.

Alhamisi tarehe 7 Julai, saa 12:00 jioni, jua limezama na barafu imeanza kwenye ndoo ya kuku, Wilfredo alikuwa ndani anakula. Mimi nilitoka na dumu la njano. Nilifungua koki ya chini, kisha ya ubavuni. Yakatoka maji ya kijani, lita kumi na moja hivi. Nililifunika dumu nikalisukuma chini ya benchi.

Umeniuliza kwa nini. Kwa sababu ilikuwa jioni. Kwa sababu baridi ilikuwa imeshuka na gari limesimama. Na kwa sababu sikuamini kwamba mtu wa kofia mbili anaweza kuleta chupa na kufuta miaka yangu ishirini na nne.

Asubuhi ya Ijumaa tarehe 8 sikutaka kuyapasha moto yale ya kijani kwenye sufuria yangu ya chakula. Nilichemsha ya kisima, kama siku zote, nikajaza rejeta kabla Wilfredo hajaamka. Sikumwambia. Kumwambia nini? Kwangu mimi lilikuwa gari lililojazwa maji, basi.

Aliondoka saa 1:00 asubuhi na abiria watano kwenda mnada wa Sallapata, ng'ambo ya chumvi. Walilala huko. Wilfredo hakumwaga maji, kwa kuwa aliambiwa asimwage. Alitii. Jumamosi tarehe 9 waliondoka alfajiri, na baada ya saa moja hivi ya kwenda gari likatoa moshi mweupe, likazimika katikati ya chumvi. Walitembea saa nne na nusu. Mwalimu Basilia alikuwa na viatu vya shule.

Hayo ya ndani ya injini sihitaji fundi anieleze. Maji ya kisima yaliganda, na hedi ikapasuka. Ni yale yale ya usiku wa Mtakatifu Yohana.

Wilfredo alifika nyumbani saa 11:00 jioni, midomo imepasuka, gari likivutwa na lori la chumvi. Alisema, "Yule mwizi katufungia takataka." Nilimpa supu. Nilikuwa nimekaa kwenye benchi, dumu likinigusa kisigino. Sikusema neno. Jumapili sikusema. Jumatatu alikuja hapa kushtaki, nikamshonea kifungo cha koti ili aonekane mtu. Sikusema.

Jana Jumanne tarehe 12, saa 4:00 asubuhi, alikuja Zenobia, mke wa fundi. Nilidhani amekuja kutukana, nikajiandaa. Akaniomba blanketi. Alisema la kwao moja analo mtoto, na mume wake hajazoea sakafu ya huku. Nilimpa lile la sufu nyeusi, nililofuma mwenyewe.

Akiwa mlangoni akasema, "Anasema wewe ulikuwepo. Ulimwambia apake chaki, ulihesabu bolti. Anasema wakuulize wewe."

Nikamwuliza, "Mimi ni mama wa mshtaki. Kwa nini aniite mimi?"

Akasema, "Nilimwuliza hivyo hivyo. Akasema, 'Yule bibi hanipendi hata kidogo, kwa hiyo hatanidanganyia.'"

Akaenda zake na blanketi. Usingizi haukunijia.

Kwa hiyo nasema: hedi ilikuwa nzima. Ilifungwa vizuri, bolti kumi na nane. Dawa ilitiwa, nami nikaitoa. Mwanangu hakusema uongo kwa makusudi, alisema asichokijua. Aliyekijua ni mimi. Dumu hili hapa, sijalipunguza hata tone. Kama kuna mtu wa kupelekwa mjini kesho, nina shuka langu na majani yangu ya koka, niko tayari. Mwalimu Basilia nitamwendea mwenyewe leo nyumbani kwake shuleni, nikitoka hapa. Hilo si la polisi.

Ninaomba jambo moja. Mwanangu nilimtukana mbele ya foleni ya maji. Haya yasomwe kwa sauti, na yeye akiwa amesimama humu ndani.

Nimemaliza. Maneno ni yangu, hakuna aliyeniwekea mdomoni.

(Sahihi) Fortunata Huayllani

MAELEZO YA OFISA

Shahidi alikataa kuweka dole gumba. Aliandika jina lake mwenyewe, ilichukua dakika nne. Alitaka kujua kama herufi H imesimama vizuri. Nilimjibu ndiyo.

Nimepokea dumu moja la njano lenye kimiminika cha kijani, takriban lita kumi na moja. Nimekwenda uani kwa mlalamikaji na kukagua maji yaliyobaki katika rejeta: ni maji matupu, yenye vipande vya barafu. Hedi iliyo kwenye gari haina alama ya kuchomelewa.

Saa 5:05 asubuhi maelezo yalisomwa kwa sauti, kama shahidi alivyoomba, mbele ya Wilfredo Lupa na mlalamikiwa. Wilfredo Lupa alisikiliza hadi mwisho akiwa amesimama, kofia mkononi. Hakumtazama mama yake. Alimwuliza mlalamikiwa swali moja: kama yale maji ya kijani bado yanafaa. Mlalamikiwa alijibu yanafaa, yachujwe kwa kitambaa tu.

Malalamiko yameondolewa saa 5:20. Mlalamikiwa ameachiliwa. Alitaka kurudisha blanketi jeusi. Shahidi alimwambia alivae kwanza afike nyumbani, na kwamba hedi nyingine ikija atakuwepo na mahindi yake, ila koki atazigusa mtu mwingine.

Shahidi ameondoka saa 5:30, peke yake, akielekea upande wa shule. Mwanawe alimfuata hatua kadhaa nyuma, amebeba kigoda ambacho mama yake alikuja nacho.

Sajini Nemesio Arancibia
Challuma, 13/7/2011