Kikomo cha Asilimia Tisini

Majengo, Dodoma
14 Novemba 2005

Kaka Harithi,

Assalaam alaykum, na shikamoo. Natumai barua hii itakukuta Songea mkiwa wazima, wewe, wifi na watoto. Huku nyumbani baba anatembea, ila chakula anakigusa tu. Mimi mwili hauna neno.

Uliponiuliza kwa simu mama alikufa kwa sababu gani hasa, nilikujibu kwa mkato kwamba damu ilichelewa. Nilikuwa ofisini, watu wananisikiliza. Leo nakueleza yote.

Unajua kampuni yetu inatunza kompyuta za wengine. Tuna seva moja, yaani kompyuta kubwa inayohudumia nyingine, tumeigawa kwa ndani ifanye kazi kama seva nyingi, kila mteja na yake: maduka, chuo, hospitali moja binafsi. Akizidisha matumizi mmoja, wengine wanapungukiwa. Kwa hiyo lazima uchague utapima nini, na ukifika wapi useme hapa pamejaa.

Mimi na mwenzangu Thobias tulitaka tupime muda ambao ombi la mteja linasubiri kwenye foleni ya diski, pale kumbukumbu zinapohifadhiwa. Muda ukizidi, kengele ilie. Bosi wetu, Wambura, alikataa. Alisema tupime wastani wa kazi ya prosesa, ule ubongo wa kompyuta, kwa saa nzima, kikomo kiwe asilimia tisini. Nilimwambia wastani unaficha, dakika chache mbaya zinamezwa na nyingi nzuri. Akacheka. "Shamimu, wewe unataka tu tununue mashine nyingine." Kisha akaongeza wateja.

Siku ile mama alianza kutapika damu asubuhi, baba akamkimbiza hospitali. Daktari akaagiza aongezewe damu. Pale hawaandiki tena kwenye karatasi. Daktari anaagiza kwa kompyuta, maabara wanaona kwao. Priska, yule muuguzi niliyesoma naye, amenisimulia. Kompyuta iliganda. Wakaizima, wakaiwasha, wakangoja. Maabara nao wamekaa, hawajaona ombi lolote. Mwishowe Priska akakimbia mwenyewe na kipande cha karatasi. Damu ya kundi lake ilikuwepo kaka, kwenye friji. Alipoifikisha, mama alikuwa ameshakata roho.

Hospitali ile ni mteja wetu. Asubuhi hiyo chuo kilikuwa kinanakili kumbukumbu zake zote, diski ikazibwa, maombi ya wengine yakakwama. Nami nilikuwa nimekaa mbele ya kioo kinachotuonyesha hali ya seva. Kilikuwa kijani kitupu, wastani haujafika hata sabini. Baba aliponipigia simu, nilikitazama mara moja zaidi, nikaona kuko salama, nikatoka mbio.

Baada ya mazishi niliyasema haya kikaoni, mbele ya Wambura na wakubwa wa hospitali. Walinisikiliza, wakanipa pole. Wambura akasema kikomo hakikuvukwa, na ni kweli hakikuvukwa. Hospitali imeendelea na sisi. Wanasema hapa mjini hawana pengine pa kwenda. Thobias ameacha kazi. Mimi naingia kila asubuhi, nakaa kitini, natazama kijani. Kikomo bado ni tisini.

Baba anaamini damu ya mama haikuwepo kabisa, na anasema ndivyo Mungu alivyopanga. Nimemwacha aamini hivyo. Ukija, nawe mwache.

Wifi msalimie sana, watoto wabusu kwa niaba yangu. Mungu akulinde.

Mdogo wako,
Shamimu