Nilihamisha Kamba ya Nguo Tu

Mama Monique, mushauri wetu wa redio, pole na kazi. Mimi ni baba wa watoto wane, kazi yangu ni ku gare ya treni hapa Kalemie, na ninakuandikia nikiwa nimechoka, nimechoka kabisa, juu ya muke wangu, ambaye sitataja jina lake, na wewe pia tafadhali ficha jina langu, na barua hii uisome Ijumaa saa saba, maana Ijumaa muke wangu anashinda ku mwalo, kule mitumbwi ya samaki inafikia, na hawezi kusikia.

Shida ilianza mwaka jana, wakati serivisi ya Leta, ya serikali, ile inayolinda samaki wa ziwa na viboko wa muto Lukuga, ilitafuta watu wa kuisaidia bila mushahara, wale tunaowaita benevole, na muke wangu akainua mukono wa kwanza, hata hakunitazama. Wakamupa jile ya rangi ya machungwa ya kuvaa juu ya nguo, kaye moja ya kuandikia, na lati ya shule, ile yenye sentimita, ya kupimia samaki na matundu ya nyavu, na toka siku ile, Mama, mimi sina muke, niko na lati. Nikileta samaki nyumbani anamupima mbele ya kumupara. Nikileta ndagala anaimwaga ku sinia, anachambua moja moja kama mchele, ananiambia huyu si ndagala, huyu ni mutoto wa mukebuka, samaki mukubwa ambaye bado hajakomaa, ulimununua kwa nani? Mimi muntu nimetoka kazini na njaa yangu, ninaulizwa maswali kama ku polisi!

Na mambo ya matanga ndiyo yalinimaliza. Tulikuwa tunaomboleza shangazi yangu, wageni wametoka Kabalo na treni, wamekaa chini, wanalia, chakula kinaiva, na mimi ninamuona muke wangu anaenda polepole kwa wamama wanaopika, anainua mufuniko wa sufuria, anaingiza kijiko, anatoa mukebuka mumoja, anamulaza juu ya mufuniko, na anatoa lati ndani ya sakoshi yake ya mukono. Ku matanga, Mama Monique! Samaki amekwisha kuiva! Akasema kwa sauti, «Huyu alikuwa bado mutoto sana.» Mujomba wangu wa Kabalo, ambaye masikio yake ni mazito, akadhani anasema juu ya marehemu, akaanza kulia upya, na watu wote wakamufuata. Mimi nilitamani ardhi inimeze.

Sasa kuna na jambo lingine, lakini ni jambo dogo. Niko na mudogo wangu, nitamuita Doudou, yeye ni muvuvi, na wavu wake ni ule wa kushona na chandarua za mbu, ule uliokatazwa, na wavu wa kwanza benevole waliukamata na serivisi ikauchoma, na Doudou alikuja kwangu akalia machozi, akasema, «Yaya, kaka yangu mukubwa, muke wako anataka watoto wangu wakule mchanga?» Mimi ningejibu nini? Muke wangu njo anashika kaye ya tarehe za doria, na tarehe hasemi kwa muntu yeyote, hata kwangu, hata ku kitanda. Lakini yuko na tabia moja: siku moja mbele ya doria anafua jile yake, maana anasema hawezi kusimama mbele ya wavuvi na jile inayonuka, halafu anaianika nyuma ya nyumba. Doudou aliniuliza tarehe, nikamuambia sijui, na ni kweli sikuzijua, nikamuambia tu mambo ya kufua. Kisha nikaona nyuma ya nyumba kuna kivuli kingi, nguo hazikauki vizuri, nikahamisha kamba ya nguo mbele, upande wa barabara. Ni hivyo tu. Sikusema neno. Kuhamisha kamba ni kosa?

Basi doria tatu zimetoka na zimekuta ziwa jeupe, hakuna hata mutumbwi mumoja, na mukubwa wa serivisi, Papa Lambert, amesema kuna benevole anayeuza siri, na mwenye kujua tarehe ni mumoja tu. Jumamosi hii saa tatu, muke wangu anapaswa kurudisha jile na kaye ku biro yao, ofisi ya serivisi, mbele ya wenzake wote. Hakuli. Anaketi ku mulango ameshika ile lati, ananiuliza, «Baba watoto, nani ananichukia hivi?» na mimi ninamujibu, ni watu, watu ni wabaya.

Mama Monique, ninyamaze? Akirudisha jile, nyumba itapata amani na mimi nitakula samaki wangu bila kuhesabiwa sentimita. Au niseme, na Doudou anione mimi ni muntu wa namna gani?

Ni mimi,
Bwana wa benevole, Kalemie

*

Bwana wa benevole, barua yako nimeisoma mara tatu: mara ya kwanza nilicheka, mara ya pili niliacha kucheka, mara ya tatu nilitaka kukutafuta na mwiko.

Tuanze na pole, maana pole yako unayo. Kuishi na muntu aliyependa kazi yake kupita kiasi kunachosha. Samaki wa matanga hapimwi, na hilo nitamuambia mwenyewe siku tukikutana. Lati ina saa yake na sufuria ina saa yake. Basi, pole yako imeishia hapo.

Papa, umeniandikia kurasa mbili za lati, halafu kosa lako umelipitisha katikati, haraka haraka, ukaliita «jambo dogo». Ati kivuli! Ati nguo hazikauki! Miaka yote hiyo nguo zenu zilikauka wapi? Mwaka huu wa Doudou njo jua likakataa kuingia nyuma ya nyumba yako? Mimi usinidanganye, na mimi ninafua.

Unasema hukusema neno. Ni kweli, hukusema. Ulichukua kitu ambacho muke wako alikuwa anakifanya kwa heshima yake, kufua jile ili asimame mbele ya watu akiwa safi, ukakigeuza kuwa bendera ya kuita wavuvi. Yeye hata kwako alifunga kinywa, na wewe ukamuuza kwa usafi wake. Halafu anakuuliza nani anamuchukia, na unamujibu «ni watu». Watu gani? Ni wewe, Papa! Wewe njo watu!

Na amani unayoitafuta, unafikiri itakuja Jumamosi? Muke atakayerudi kutoka ile biro, ametolewa jile mbele ya wenzake kama mwizi, atakupikia samaki, ndiyo. Utakula yule samaki ukimutazama muke wako usoni kila siku. Tutaona kama atapita ku koo.

Juu ya Doudou: watoto wake wana njaa, sikatai, na njaa si mchezo. Lakini wavu wa chandarua unakamata na watoto wa mukebuka, na mwaka kesho Doudou atarudi kukulilia kwamba ziwa limekauka, na utahamisha nini wakati huo, choo? Mudogo wako anataka yaya wa kumusaidia kupata wavu mwingine, wa matundu makubwa. Wa kumuchungia kamba ya nguo hamuhitaji.

Sasa nisikilize. Utamuambia muke wako mbele ya kumuambia muntu mwingine yeyote, leo, kwa kinywa chako, bila neno la kivuli. Atakasirika, umuache akasirike. Kisha utamuambia Doudou, asisikie kutoka kwa wengine. Na Jumamosi saa tatu utaingia ku ile biro pamoja na muke wako, utasimama mbele ya Papa Lambert na benevole wote, na utasema: si yeye, ni mimi, nilihamisha kamba. Utasema hivyo hivyo ulivyoniandikia. Watacheka. Vumilia, yeye alivumilia mengi kuliko kicheko.

Uliniomba nifiche jina lako, nimelificha. Ukaniomba niisome Ijumaa, nimeisoma Ijumaa. Lakini, Papa, wamama wa mwalo wanaanika samaki wakiwa na redio, njo wasikilizaji wangu wa kwanza! Na ule mufuniko wa sufuria, nilifikiri kuutoa ndani ya barua, halafu nikaacha, maana mimi mwenyewe nilikuwa ku ile matanga. Nilikula mukebuka yule. Nusu ya Kalemie ilikuwa pale, kwa hiyo hakuna anayejiuliza sasa wewe ni nani. Ukipanda piki mara moja, utafika ku mwalo wakati wamama wenzake bado wanamutazama muke wako.

Jambo la mwisho. Leo asubuhi nilipita barabara yenu nikija hapa redio, nikaiona jile iko ku kamba. Wavuvi wameiona pia, hapana shaka wanafikiri kesho kuna doria, wanaficha nyavu. Hakuna doria kesho, Papa. Muke wako ameifua ili airudishe ikiwa safi.