Mtani Alipoacha Utani

Porini, kaskazini ya milima ya Chenene
Februari 1914

Kwa kaka yangu Yotham, wa stesheni ya Dodoma,

Shikamoo kaka. Natumaini barua hii inakukuta mzima, umekula, na magarimoshi ya huko yanakuja na kuondoka kama kawaida yake. Kila barua niliyokuandikia tangu nijue kushika kalamu, nimesema mimi mzima, hofu ni kwako uliye mbali. Leo siwezi kusema hivyo. Hofu yote iko kwangu. Tafadhali isome hapo hapo mlangoni ukiwa umesimama, kabla hujamkaribisha aliyeileta.

Niko porini peke yangu na gari lililojaa mtama, na sina ng'ombe wa kulivuta.

Ya nyumbani unayajua nusu, maana Mama hapendi tukuandikie mabaya. Mvua ya mwaka huu imetukataa. Ilinyunyiza mara moja, tukapanda, jua likala kila kilichochipua. Nilipoondoka Hombolo Mama alikuwa anachemsha ngozi aliyokuwa akiilalia, na shemeji Tereza anamnyonyesha mwanao Zipora huku mwenyewe hana kitu tumboni. Watu wa kikundi chetu cha kanisa walikusanya mbuzi waliobaki, pamoja na ngozi zote za ng'ombe waliokufa, wakanikabidhi mimi mwalimu wao. Nikatafute mtama Kondoa kwa Warangi, ambako ghala zilikuwa bado na kitu. Tatizo likawa ni kuufikisha nyumbani. Watu wa kubeba kichwani hawana nguvu. Yalibaki mawili, punda wa kuazima, au gari la kukokotwa na ng'ombe wetu wenyewe, ambalo siku zile kila mtu alikuwa analisemea.

Nikauliza, kaka. Usidhani sikuuliza. Nimeuliza mpaka ulimi ukachoka, na leo naona heri ningekuwa bubu.

Wa kwanza alikuwa yule Mgiriki wa hapo Dodoma mwenye gari la kuuza. Alinizungusha kulitazama, akayapiga teke magurudumu, akaniapia kwa Mungu wake na wangu kwamba ng'ombe wanne wanalivuta kutoka Kondoa hadi Hombolo bila taabu, wakinywa maji njiani kidogo tu. Mwamba ngoma ngozi huivutia kwake, na huyo sikumtia maanani sana. Nikamwuliza Bwana mmoja Mdachi aliyekuwa akisimamia barabara. Akasema barabara imelimwa kwa ajili ya magari, punda ni mambo ya zamani. Aliyasema hayo akiwa amekaa juu ya punda, nami kwa upumbavu wangu sikuliona hilo mpaka nilipofika huku porini, ambako mtu hana kazi ila kukumbuka.

Nikasema basi nimtafute mtu asiyeuza, mtu aliyelitumia. Nikampata Abbasi, mfanyabiashara wa Kondoa, amekuja Dodoma na asali yake. Yeye analo gari. Loo, alilisifu! Alisema tangu alinunue hajui uchovu ni nini, na wenzake wote wanamwonea wivu. Moyo wangu ukatulia hapo. Nilipomaliza biashara Kondoa nikaenda kwake kumwamkia, nikalikuta gari lake nyuma ya nyumba, majani yameota katikati ya magurudumu na kuku wanataga ndani. Abbasi akacheka kicheko cha aibu, akasema nisamehe ndugu yangu, nimechekwa mno mji mzima, nilitaka angalau tuwe wawili. Wakati huo mbuzi na ngozi zilikwisha kuwa mtama, na mtama ulikwisha kupakiwa.

Tena yupo Mustapha. Unamjua, Mnyamwezi yule mpagazi wa zamani, mtani wetu, ambaye hajapata kusema neno moja la kweli mbele ya Mgogo. Siku ninalichukua gari alikuwa amekaa kivulini kwa Mgiriki, anakula karanga za watu. Akaniambia nunua, Mgogo, nunua sana, mimi nitakufuata nyuma na kisu, maana nyama ya ng'ombe naipenda. Watu wakaanguka kicheko. Nami nikamrudishia yake, nikamwambia Wanyamwezi mmezaliwa na mzigo kichwani, mnaogopa gari litawanyima kazi. Akasema pia kwamba magurudumu yale ni ya udongo yatayeyuka mvua ikinyesha, na kwamba Mgiriki ni mjomba wake. Sasa kaka, katika maneno kama hayo ningechagua lipi la kuamini? Ndivyo tulivyolelewa. Mtani akikutukana unacheka, akikuchukulia kuku wako unacheka, na akikuonya unacheka vile vile.

Kwenda kulikuwa kuzuri. Gari lina ngozi tu, ng'ombe wana nguvu, visima bado vina maji. Mimi na Petro, kijana niliyetoka naye Hombolo kuswaga ng'ombe, tuliimba njia nzima, tukasema kweli dunia imekwenda mbele. Kurudi ndiko kulikotumaliza. Gari likiwa limejaa, ng'ombe aliyefungwa nira hatembei, anajikokota. Kisima ambacho mpagazi anakifikia kabla jua halijawa kali, sisi tulikifikia kesho yake. Na maji yenyewe yako chini ya mchanga, unayafukua kwa mikono na kuyachota kwa kibuyu. Mtu hunywa kibuyu kimoja akaenda zake, lakini ng'ombe mmoja hukimaliza kisima chote, akainua kichwa kukutazama kama umemnyima. Nao ni wanne. Punda angevumilia. Mama alilisema hilo kabla sijaondoka, nikamjibu kwamba yeye hajawahi kuona gari.

Alianza kulala yule ng'ombe mweusi wa mzee Elieza, ndani ya nira, asiinuke tena. Tukamfungua, tukasukuma wenyewe na Petro. Wakalala wawili wengine. Ndipo Petro akajitwika gunia kichwani akaondoka kwenda nyumbani, tukapatana mimi nibaki kulinda. Sijui kama alifika. Nilibaki na yule mwekundu, wa Mama, amelala ubavu na macho wazi. Niliilowesha midomo yake kwa kitambaa mpaka maji ya kulowesha yakaisha.

Hapa wanapita watu wa njaa. Wanatoka huko wanakwenda huko, hakuna ajuaye ni wapi kuna nafuu. Wanasimama mbali wanalitazama gari. Hawaibi, kaka, hawana nguvu za kuiba, wanasimama tu. Mama mmoja aliketi chini na mtoto mgongoni, hakuomba kitu. Nikampa. Nilipompa huyo nitamnyimaje anayemfuata? Kila konzi ninayoitoa najua nimeitoa kwenye chungu cha Tereza, na bado mkono unatoa. Na jana liliinuka wingu upande wa mashariki, jeusi, nikajikuta nimepiga magoti kuliomba lipite, maana mtama uko wazi na sina cha kuufunika. Mimi Mgogo, mwaka kama huu, naomba mvua ipite! Lilipopita nikalia.

Mustapha alinikuta katika hali hiyo. Alikuwa anarudi Kondoa alikopeleka mzigo, akaziona alama za magurudumu zinavyoyumba, akazifuata. Alikuja na kisu kiunoni. Nilipokiona nikacheka, sijui kwa nini, nikamwambia haya, umetimiza, karibu nyama yako. Nilimngoja acheke. Hakucheka. Alimtazama mwekundu, akazunguka gari lote, akaja akachuchumaa mbele yangu. Akasema, "Sostenes, leo hakuna utani."

Tangu nimjue hajapata kuniita jina langu. Niliogopa kaka, kuliko ninavyoogopa fisi wa usiku.

Akamgeuza ng'ombe, akataja jina la Mungu wake, akamchinja kabla hajafa mwenyewe. Nyama akaigawa kwa waliokuwa wamesimama mbali, nyingine akaianika. Yeye hakuonja. Nikamwuliza kwa nini hukuniambia waziwazi. Akasema alinena waziwazi mbele ya watu wote, na ni mimi niliyecheka. Tena akaniuliza, mtani akila kiapo, nani atamsadiki?

Sasa kaka, niliyoyaandika mpaka hapa ni kama mtu anayezunguka nyumba akitafuta mlango. Nimekutajia Mgiriki, Bwana Mdachi na Abbasi. Hakuna hata mmoja kati yao aliyenifanya nilichukue gari. Aliyenifanya ni wewe.

Huenda umesahau. Ilikuwa Noeli, umekuja na viatu vyako vipya, tumekaa kwa Mama. Nilikwambia nafikiri kuazima punda kwa mkweo. Ukacheka. Ulisema wewe unayeona garimoshi kila siku utaona aibu mdogo wako akiswaga punda kama mshenzi, na kwamba gurudumu ndilo litakalotawala nchi hii. Hujawahi kufunga ng'ombe nira, kaka, wala hujawahi kuipita njia ya Kondoa. Hayo niliyajua nilipokuwa nakusikiliza. Lakini wewe ni mkubwa wangu. Wanasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi nimelisikia, na guu limevunjika.

Nimekukasirikia. Nalisema mara moja tu, lisije likanioza moyoni. Hombolo sikumwambia mtu. Wazee waliponiuliza nani amekupa shauri la gari, nilisema ni akili yangu mwenyewe. Tereza aliniuliza peke yake, tena akaniuliza kama uliliona wewe gari hilo ukalikubali. Nilimwambia hukuwa na habari. Na wakinilaani nikirudi mikono mitupu, nitasema hivyo hivyo. Jina lako halitatoka kinywani mwangu.

Ila nataka punda. Mkweo anao. Najua mlivyoachana naye vibaya, najua uliyomwambia juu ya punda wake siku ya harusi, na ukwe una aibu yake. Nenda hata hivyo. Vua viatu ukifika uani. Mwambie ni kwa ajili ya Tereza na mjukuu wake. Viriba vya maji vijazwe Dodoma, msitegemee kisima chochote njiani. Waje usiku na mchana.

Usikae kuuliza watu wa stesheni wanaonaje, wala usimwulize Mgiriki. Mwulize Mustapha huyu aliyesimama mbele yako. Njia anaijua, na atawaongoza punda mpaka hapa bila ujira. Wewe pia ni mtani wake, kila akikuona hukuita Mdachi mweusi na kukuvuta kofia. Safari hii mtazame vizuri. Kama ameivuta kofia, basi mcheke kidogo, kisha uende. Lakini kama amesimama mlangoni kimya, akakuita Yotham, usimwulize neno. Maana nimemwomba apitie Hombolo kwanza kabla ya kuja kwako, na atakuwa ameona nani amebaki hai.

Nisalimie wote wanaoniuliza. Mimi nipo hapa hapa kwenye gari, siondoki.

Ni mimi mdogo wako,
Sostenes