Flashi ya Kwaya

Mdogo wangu wa tumbo moja,

Pokea salamu zangu za moyoni. Kabla hujauliza, mimi sijambo. Goti langu la kushoto linalalamika kila nipandapo ngazi, lakini linalalamika tangu nilipostaafu na bado linanibeba. Mwanangu na mkewe ni wazima, na wajukuu wanakua, na kelele zao zinakua pamoja nao. Je, wewe hali yako? Kikohozi kimekuacha? Usiniambie ni kidogo tu. Nimekuwa muuguzi maisha yangu yote, najua watu wanavyodanganya kuhusu vikohozi.

Ninakuandikia kwa sababu simu imenishinda. Kila nikimtaja mwanao, yule kitindamimba tuliyempachika jina la Debe, unaniambia mtandao unasumbua, na mara simu imekatika. Barua haikatiki. Unaweza kuitupa mezani ukaenda zako jikoni ukinung'unika, lakini utairudia, nakujua. Basi vuta kiti, kwa maana habari yenyewe ni ya nyimbo zako.

Najua zilivyokuuma. Miaka yote uliyofundisha kwaya ya watoto pale shuleni, nyimbo zote ulizotunga, ulizitoa kwenye kanda za zamani ukazikusanya kwenye flashi moja, kisha ukazitupa kanda kwa kuwa ukungu ulikuwa umeshazila. Halafu Debe akaiazima ile flashi aende nayo duka la kuchapishia, akachapishe barua zake za kuomba kazi. Akairudisha, ukaichomeka, ukakuta haina kitu. Aliapa kwamba hajafuta hata wimbo mmoja. Wewe ukamwambia asikanyage kwako mpaka atakapokuja na nyimbo zako mkononi. Na mimi, bila kuombwa na mtu, nikampigia simu nikamwongezea ya kwangu, nikamwita mzembe asiyejua thamani ya jasho la mama yake. Tangu siku hiyo yeye amepanga chumba chake na wewe umekaa na hasira zako, na kila mmoja ananiuliza habari za mwenzake kwa kuzungukazunguka.

Sasa tuje kwenye zile picha za harusi ya binti yako ulizonitumia. Uliandika juu ya bahasha kwamba flashi ni ile ile, na kwa vile imebaki tupu basi angalau ifanye kazi. Nilipoipata nilifurahi mno. Hata viatu sikuvua. Nikaenda nayo moja kwa moja sebuleni kwenye kompyuta.

Kompyuta ile, ujue, ndiyo shamba la nyumba hii. Mkwe wangu anatengenezea humo kadi za harusi, mabango na vibandiko vya bidhaa. Mwanangu anaweka humo hesabu zake za ufundi bomba, na wajukuu masomo yao. Nikawa ninapapasa kutafuta tundu la kuchomekea, na hapo mkwe wangu akainuka na mkasi wake mkononi, akaliziba lile tundu kwa kiganja. Akaniomba kwa upole kwamba flashi ikaguliwe kwanza, maana huenda ina virusi.

Mdogo wangu, nilivimba! Mimi, mama mzaa chema wa nyumba hii, naambiwa kitu changu ni kichafu? Nikamuuliza kama picha za harusi nazo zinaugua mafua. Nikajifungia chumbani, chai nikaikataa, nikaanza kukunja nguo zangu kuzitia kwenye sanduku. Unakumbuka nilikupigia, nawe ukanichochea vizuri sana, ukasema nije kwako, huko hakuna atakayenizibia tundu.

Baadaye mkwe akabisha hodi, akaketi ukingoni mwa kitanda changu. Hakugusia flashi. Aliniomba nimsimulie wodi yangu ya watoto wachanga, ile niliyoisimamia mpaka nikastaafu. Nami ukinigusa hapo sinyamazi. Nikamweleza nilivyomrudisha daktari mkuu mlangoni akanawe mikono, na nilivyowazuia mabibi waliokuja kuona wajukuu zao, wengine wakilia, wengine wakinitukana. Akaniuliza kama mabibi wale walikuwa wachafu. Nikamjibu kwa ukali kwamba uchafu haukuwa hoja, mikono yao haikuwa na kosa lolote, ila ilikuwa imetoka nje. Nilipoyasikia maneno yangu mwenyewe, nikalivuta sanduku nikaanza kuzitoa nguo. Yeye akainama akanisaidia kukunjua nguo.

Tukaenda pamoja mlangoni. Ana kimashine kikuukuu pale juu ya kimeza, hakijaunganishwa na mtandao wala na kompyuta nyingine, na hakina faili hata moja la kupoteza. Wajukuu wanakiita Karantini. Flashi yoyote inayoingia nyumba hii hupita hapo kwanza, iwe ya mteja, ya mwalimu, hata ya mume wake. Alinieleza kwamba amezuia flashi isijifungue yenyewe inapochomekwa, na kwamba mtu asibonyeze chochote anachokiona mle kabla programu ya kinga haijamaliza kupekua. Alinifundisha kwa subira, kama mimi nilivyowafundisha wauguzi wanafunzi, ila yeye hapigi kelele.

Programu ikaanza kupekua, mara skrini ikajaa maonyo mekundu. Flashi yako ilikuwa na virusi, tena si kidogo. Akaniambia mara nyingi hawa hutoka kwenye kompyuta za watu wote, kama za maduka ya kuchapishia, ambako kila anayekuja anachomeka chake. Nilikuwa nusura niwaingize kwenye kazi za nyumba nzima kwa mkono wangu, na kwa kiburi juu yake.

Akawasafisha. Nikadhani tumemaliza, lakini yeye akakunja uso. Alisema flashi inaonyesha imekaribia kujaa, ilhali picha za harusi ni chache. Kuna vitu vimekaa humo na hatuvioni. Kisha akanieleza tabia ya virusi wa aina ile: hawafuti vitu vya mtu, wanavificha, mwenyewe akifungua anaona hakuna kitu, anaamini vimepotea. Akaiagiza mashine ionyeshe vilivyofichwa.

Zikatokea. Folda moja, nyingine, nyingine tena, zimeandikwa majina uliyozipa wewe kiualimu, darasa kwa darasa na mwaka kwa mwaka. Nyimbo zako zote zipo, mdogo wangu. Hakuna hata moja iliyofutwa. Nililia pale pale mlangoni, na mteja aliyekuja kuchukua kadi zake alidhani tumefiwa.

Tulizisikiliza mpaka wajukuu wakaanza kuziimba. Katika mmoja kuna mtoto anayechelewa kuingia, na akiingia anaupandisha wimbo juu kuliko wote, wenzake wanaangua kicheko. Halafu unasikika wewe ukiwanyamazisha, ukimwambia yule mtoto aimbe tu, asiogope, mama yupo hapa. Ni Debe. Sauti ile haina pacha duniani.

Basi mwanao hakufuta kitu. Ni kweli aliwabeba wale virusi kutoka dukani, lakini aliwabeba bila kujua, kama mimi nilivyokuwa nawabeba kuwaleta sebuleni, na kama wewe ulivyonitumia pamoja na picha za harusi. Mimi nimeshampigia simu, nikamwomba radhi bila kuzunguka. Kitu cha kwanza alichouliza ni kama wewe umeshajua.

Nikamwita aje huku. Alizisikiliza nyimbo ameinamisha kichwa, na ule wake aliurudia mara nyingi akidhani simwoni. Mkwe wangu amemfundisha kukagua na kusafisha, na amezitia nyimbo kwenye flashi mpya. Nakala nyingine tumebaki nayo sisi, maana kitu cha thamani hivi hakiwekwi mahali pamoja tu. Na kompyuta yako wewe usiichomeke kitu chochote kwa sasa, wala usimpe mtu faili kutoka humo. Ile flashi uliichomeka huko, kwa hiyo nayo lazima itibiwe. Mtu wa kuitibu yupo.

Nisalimie binti yako na mume wake, uwaambie picha nimeziona na mavazi yamewapendeza, ila mpiga picha alinikata kichwa katika zile mbili nilizopendeza. Wasalimie walimu wenzako wa zamani. Mkwe wangu anakusalimu sana, naye anasema ukija kututembelea uje na flashi zako zote, Karantini haina ubaguzi. Kunywa dawa ya kikohozi.

Nimebakiza moja. Barua hii umekabidhiwa na jirani yako mshonaji, lakini siye aliyeitoa huku. Aliyeisafirisha amekaa kwenye kibaraza cha huyo jirani hivi sasa unaposoma, ana nyimbo zako mfukoni, na anaogopa kubisha hodi nyumbani kwao. Nilimwambia abishe tu. Akanijibu kwamba atangoja mama yake amwite mwenyewe.

Iache barua hapo mezani. Nenda ukamwite.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata unaponikatia simu.