Mkojo wa Papa Neema Ndani ya Bido la Maziwa

Jumatatu, 5 Februari
Ukungu mzito Mushaki, mvua nyembamba. Mume wangu, Papa Neema, ameenda chooni mara saba tangu jana jioni. Mara mbili damu. Ninaandika kila mara. Yeye hataki hata nimwangalie. Nimekamua ng'ombe peke yangu. Saa ya kulala huwa naijaza asubuhi. Kulala: saa nane usiku.

Jumanne, 6 Februari
Baridi, hakuna mvua. Kituo cha afya. Muuguzi alipima mkojo: damu ipo, maambukizi hakuna. Hilo ndilo linalomtia wasiwasi. Daktari mmoja Goma ana kipimo kinachotafuta dalili za kansa ya tezi dume ndani ya mkojo. Hakitoi jibu la mwisho. Kinaonyesha tu kama kuna haja ya kukata kinyama kidogo cha tezi na kukichunguza. Lakini kwanza muuguzi abonyeze tezi kwa kidole, kupitia njia ya haja kubwa, kisha achukue mkojo unaofuata. Ufike Goma siku hiyo hiyo, ukiwa baridi. Papa Neema aliposikia neno kidole alivaa kofia akatoka.
Kansa. Nimeliandika. Kulala: saa tisa.

Alhamisi, 8 Februari
Mvua tangu alfajiri. Damu imeongezeka, amekubali. Alitoka chumbani kwa muuguzi akitazama chini.
Friji ya kituo haifanyi kazi tangu paneli za jua ziporwe. Chupa ya mkojo nimeihifadhi kama tunavyohifadhi maziwa ya fromaji, jibini yetu: ndani ya bido, dumu la maziwa, na bido ndani ya maji ya chemchemi hadi shingoni. Kasereka, mfanyabiashara wa Butembo anayepeleka maziwa yetu Goma kwa pikipiki, alikuwa amewasha injini tayari. Milio ya risasi mlimani. Nilikimbia, nikampa bido, akaondoka saa tatu asubuhi.
Kulala: saa saba.

Ijumaa, 9 Februari
Jua kidogo. Kasereka amepiga simu. Kwenye bariere, kizuizi cha barabarani, askari mmoja alifungua bido, akanywa vikombe viwili, akasifu.
Nilimpa bido la maziwa lililokuwa kando yake. Bido la mkojo liko chemchemini tangu jana. Yote mawili nilifunga kamba ya buluu kwa mkono wangu. Mimi, ninayeandika kila kitu.
Kasereka alicheka. "Mama, shukuru Mungu. Angefungua ile ingine, ningelala mu kasho ya askari."
Mimi nililia. Muuguzi anasema mkojo huo haufai tena. Kurudia vyote. Na barabara inaweza kufungwa siku yoyote.
Nilimwambia Papa Neema. Alikoroga uji mpaka ukapoa.
"Njo kusema kidole tena?"
Ndiyo.
"Hapana."
Sikulala.

Jumamosi, 10 Februari
Mbingu safi. Mabomu tangu asubuhi. Majirani wanafunga magodoro. Nilimwambia ukweli: kansa naiogopa kuliko mabomu. Mabomu nitayakimbia nikimshika mkono. Hiyo nyingine atakimbia nayo.
Alikaa zizini na ng'ombe kwa muda mrefu. Kisha akaja.
"Tuende Goma siye wawili. Kule, kama ni kidole, iko ya muntu hanijui."
Ng'ombe tumemwachia jirani. Watu watatu juu ya pikipiki ya Kasereka. Kwenye bariere niliogopa hata kupumua. Tumefika kwa dada yangu, Goma. Kulala: saa kumi.

Jumatatu, 12 Februari
Mawingu. Amepimwa. Barabara ya Mushaki imefungwa tangu jana. Tungengoja siku moja tu, tusingepita. Kulala: saa tisa.

Jumatano, 14 Februari
Manyunyu. Matokeo: dalili zipo, nyingi. Daktari anasema hiyo bado si hukumu. Ijumaa watakata kile kinyama. Naogopa, ila sasa najua ninachokiogopa. Papa Neema aliuliza tu kama kovu litamzuia kukamua. Daktari akasema halitamzuia.
Jioni ameenda chooni mwenyewe, nyuma ya nyumba. Sikumfuata. Akaita kutoka uani, dada yangu akisikia, watoto wakisikia:
"Mama Neema, andika. Ya tano leo. Damu hakuna."
Nimeandika.
Kulala: saa tatu usiku.