Sauti ya Mama Imepatikana

Chumba cha mbele,
Nyumbani kwa Mama,
Jumapili asubuhi.

Mpendwa Kaka Profesa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe, wifi yangu na wale pacha wenu. Kifua chako je, kimeacha kukusumbua? Sisi huku tunapumua. Mimi naendelea na ufundi wangu wa kompyuta pale dukani. Mama yupo, anakula kidogo, mchana hulala.

Barua nimempa dereva wa kituo chenu cha utafiti kwa sababu ujumbe wangu wa simu haufiki huko. Wako mmoja ulipenya, ukauliza kama Mama amekukasirikia, maana hata simu ikishika kwa sekunde chache hasemi nawe. Hapana, Kaka. Mama alikuwa hana sauti.

Umeme ulikatika, ukarudi kwa nguvu, ukaiua ile kompyuta uliyomwachia. Unakumbuka ulivyomketisha kabla ya upasuaji wa koo, akasoma maneno yake moja moja, nawe ukayarekodi, ukamtengenezea programu ya kuyatamka kila akibonyeza. Kompyuta ilipokufa Mama alirudi kwenye kalamu na karatasi. Na mengine hayakusubiri. Daktari ametuambia ugonjwa umerudi, na safari hii hawana cha kukata. Sikutaka ulisikie hili kwa mtu mwingine.

Ndiyo maana nilikuwa na haraka. Nikaichomoa diski, ikakubali kunakiliwa mara moja, kisha ikanyamaza kabisa. Nakala ile moja ndiyo ikawa kila kitu tulicho nacho. Nikaihamishia kwenye kompyuta mpya yenye mfumo wa Linux wa kisasa, programu ikagoma kuwaka. Nikaona dawa ni kuijenga upya kutoka kwenye msimbo wako, yale maandishi uliyoitungia programu, na hapo ndipo nilipokiona cha moto. Zana ya kujengea programu iliyokuja na Linux hii ni toleo jipya, nalo maagizo uliyoyaandika enzi zile halitaki hata kuyasoma.

Nikaweka toleo la zamani kando ya lile jipya, nikaamuru ijenge. Kosa lile lile. Nikalifuta toleo hilo, nikaliweka tena, kosa lile lile. Mwenzangu wa dukani, yule tunayemwita Mzee wa Waya, akanionea huruma.

"La kuvunda halina ubani, dada," akaniambia. "Mwekee mama programu ya kisasa, sauti zimo tayari."

Nikamsikiliza. Mama alipobonyeza ikatoka sauti ya msichana mmoja mchangamfu, utadhani anauza sabuni. Mama akafunika spika kwa kiganja, akaandika kwenye karatasi: "Huyu ni nani nyumbani kwangu?" Nilicheka. Halafu nikaenda jikoni nikalia.

Ubaya niliugundua nilipotulia. Folda ya ujenzi, ile ambamo kompyuta huweka vipande inavyovitengeneza, ilikuwa bado inakumbuka ulipokuwa umeiweka zana yako. Mahali palepale sasa limekaa toleo jipya. Kila nikiamuru, ilikuwa inabisha hodi kwenye nyumba ya rafiki aliyekwisha hama.

Dawa yake kila fundi anaijua: futa folda ya ujenzi yote, anza upya. Vilivyomo ni kama maranda ya seremala, hakuna anayeyalilia. Nikaandika amri ya kufuta. Kabla sijabonyeza nikamkumbuka Mama, ambaye tangu tuzaliwe hajafua shati bila kupekua mifuko. Nikapekua.

Kaka, sauti zote za Mama zilikuwa humo. Humo kwenye maranda. Profesa mzima, siku hiyo akili zako ulikuwa umemwazima nani? Nilisimama, nikatoka nje nipate hewa. Ningebonyeza tu, ningekuwa nimemzika kabla ya wakati wake, kwa mkono wangu mwenyewe. Niliporudi nilizihamisha, nikazinakili hapa na dukani, ndipo nikafuta folda. Zana ya zamani ikajenga hadi mwisho bila kunung'unika.

Jana Mama aliketi mbele ya kompyuta. Kwanza aliniita mimi, "mwanangu," kwa sauti yake ileile yenye mkwaruzo kidogo. Kisha akaanza kutafuta neno kwenye skrini. Akalitafuta juu, akalitafuta chini, akarudia. Nikajua analolitaka. Ni "kwaheri." Halimo, Kaka. Siku ile ulipomwomba alisome alikataa, akasema hilo si neno la kumwachia mtu kwenye mashine.

Nikamwuliza kama niliunge kwa vipande vya sauti zake nyingine. Akatikisa kichwa. Akakunyooshea kidole wewe, picha yako ile iliyo ukutani, kisha akabonyeza "njoo." Akapumzika kidogo, akalibonyeza tena.

Barua hii usiijibu kwa barua.

Shangazi anakusalimu, na Mzee wa Waya naye, ingawa hamjaonana. Msalimie sana wifi yangu, uwabusu pacha, waambie chumba chao kimefagiliwa. Mungu awanyooshee njia na awafikishe salama mlangoni kwetu.

Mdogo wako akupendaye daima,
Kitindamimba.