Mwaridi Mweupe wa Mama

Jumapili, 29 Oktoba 1961

Leo nimeng'oa bustani. Si yote. Mchaichai wa Teodora upo, yasmini ya shangazi ipo. Nimeng'oa vyote alivyonipa dada Mwaija, na mwaridi mweupe wa marehemu mama ndio nilioanza nao. Nikarundika uani, nikachoma. Seif aliacha cherehani yake akatoka kutazama. Akauliza, na wa mama pia? Nikampa mume wangu mgongo, nikachochea moto.

Jana tumemwoza binti yetu Mwanaharusi. Dada ninaye mmoja tu, na hakuja. Eti ziwa lilichafuka, hakuna aliyevuka kutoka kwake Busisi, ng'ambo. Visingizio.

Jumamosi, 9 Desemba 1961

Uhuru. Mtaa wetu wa Mirongo wote uko nje, ngoma tangu alfajiri. Msafiri, mchuuzi wa samaki anayevuka kila wiki, kapita kutusalimu. Akasema bila kuulizwa — siku ya harusi hata yeye alikwama Busisi. Dada alikaa ufukweni na kifurushi chake tangu asubuhi mpaka magharibi. Amevaa kabisa.

Sikutoka tena.

Jumatano, 4 Aprili 1962

Ziwa limepanda mpaka kwa dada. Msafiri anasema maji yako ndani, ukuta mmoja umelala, maua yote yameozea majini. Dada kampa maneno aniletee: "Mwambie mdogo wangu silii sana, maana wa mama uko kwake. Nakuja kukaa kwao. Nikijenga tena nitachukua kijiti."

Nimjibu nini, Msafiri akauliza. Nikasema, mwambie upo.

Kwa nini nilisema hivyo.

Ijumaa, 6 Aprili 1962

Nimekwenda Buswelu kwa rafiki yangu Teodora. Nilikuwa na hakika nilimpa kijiti cha ule mweupe. Ana miwaridi safu nzima mbele ya nyumba, maua yote mekundu. Nilipomweleza, akasema taratibu, "Mama Mwanaharusi, ule nilikuomba mara mbili. Ulisema bado mchanga, usiguswe."

Ni kweli. Nakumbuka mpaka mahali niliposimama. Bustani yangu nzima ni ya kupewa, na ule mmoja niliunyima watu.

Teodora akanikatia kijiti cha mwekundu. "Panda hiki, usikae na shimo tupu. Dada akija mweleze." Nikakifunga kwa kitambaa kibichi. Nimekipanda palepale ulipokuwa mweupe.

Jumanne, 10 Aprili 1962

Dada amefika. Shikamoo dada — akanivuta kichwa kifuani, akanishika hivyo kitambo. Harusi hakuitaja. Hata maji hajanywa, akauliza, "Uko wapi?"

Nikamwonyesha kile kijiti.

"Mbona mdogo hivi?"

"Niliukata sana," nikasema.

Akachuchumaa, akang'oa magugu kwa vidole. "Pole, umevumilia," akauambia mti. Seif alikuwa mlangoni. Akarudi ndani kwenye cherehani.

Jumatatu, 30 Aprili 1962

Siku ishirini sasa. Anaumwagilia mwenyewe kila asubuhi, hataki nimsaidie. Akiwa pale huzungumza habari za mama, mengine nilikuwa sijawahi kuyasikia. Juzi nilimfuata nimwambie. Kabla sijafungua mdomo akanishukuru kwa kumtunzia. Nikasema chai iko tayari.

Seif ameniambia jana, ukichanua atauona mwenyewe, bora aujue kwako. Najua. Najua hilo tangu siku ya kwanza.

Leo umetoa kitumba. Kidogo, kama punje ya choroko, kimefumba, rangi haionekani. Nimekiona kabla hajaamka. Nilikishika kwa vidole viwili nikivunje — nikashindwa. Ya kuchoma yanatosha.

Sasa amekiona. Anaita kutoka uani, "Mastura, njoo uone." Nimesema nakuja. Ameita tena, na anacheka, na sijamsikia kucheka tangu afike. Kalamu bado iko mkononi.